Thaddeus Stevens: Wakili wa bwana aliyegeuka kuwa adui wa utumwa

Mwaka 1821 mwanamke mtumwa, Charity Butler, aliidai haki ya kuwa huru mbele ya Mahakama ya Juu ya Pennsylvania. Sheria ya jimbo hilo ilimwachia huru mtumwa aliyewekwa humo na bwana wake kwa miezi sita. Wakili wa bwana alikuwa Thaddeus Stevens, kijana mwenye ofisi mjini Gettysburg. Alidai kwamba miezi hiyo ni lazima ifuatane. Safari za kuja na kuondoka hazijumlishwi. Majaji wakamkubalia. Charity na watoto wake wakabaki utumwani.

Naanza na kesi hiyo kwa makusudi. Stevens anastahili heshima kubwa, lakini jina la Charity lisifutwe ili lake ling'ae.

Baadaye alihama upande, akawatetea mahakamani watu waliotoroka utumwa. Mwaka 1838 alikataa kutia saini katiba mpya ya jimbo kwa sababu iliwanyima weusi kura.

Umaskini aliujua. Alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu mmoja ukiwa umepinda. Baba akaitelekeza familia, mama akahangaika hadi mwanawe akahitimu Dartmouth. Ndiyo maana mwaka 1835, wabunge wenzake wa Pennsylvania walipotaka kufuta sheria ya shule za bure kwa kuogopa hasira za walipa kodi, alisimama akaitetea kwa hotuba iliyowageuza. Watoto wa maskini wakabakiwa na shule zao.

Katika Bunge la Marekani aliongoza kamati ya fedha wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akapigania marekebisho ya katiba yaliyokomesha utumwa na kuwapa weusi uraia. Alifariki Agosti 1868, akazikwa Lancaster katika makaburi aliyoyachagua mwenyewe kwa kuwa hayakubagua rangi.

Ila ardhi ilimshinda. Alitaka mashamba ya matajiri wakubwa walioasi Kusini yatwaliwe, kila mwanamume aliyeachwa huru apewe ekari 40, kwani aliona uhuru bila shamba utamrudisha mtu mikononi mwa bwana wake. Kwangu hiyo ndiyo hoja yake nzito kuliko zote. Wabunge wenzake waliikataa. Maelfu ya familia zikaendelea kulima mashamba yaleyale kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, madeni yakipita kutoka msimu hadi msimu.