Jinsi ya kulinda jina la biashara dhidi ya matapeli wa mtandaoni

MTEJA anatuma malipo ya awali ya sofa kwa nambari aliyoiona katika ukurasa wa Facebook. Anangoja wiki mbili, kisha anafunga safari hadi dukani akiwa amefura kwa hasira. Mwenye duka hana habari. Ukurasa huo una jina lake, nembo yake na picha za sofa alizozitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ila nambari ya simu si yake. Mteja amepoteza fedha, naye fundi amepoteza mteja na wote watakaosimuliwa kisa hicho.

Visa vya aina hii vimekuwa vya kawaida nchini tangu biashara nyingi zihamie mitandaoni. Wapo wanaoiga kurasa za maduka makubwa na kutangaza nafasi za kazi zisizokuwepo, wakiwatoza vijana ada ya usaili. Wapo wanaofungua tovuti yenye anwani inayotofautiana na ya kampuni halisi kwa herufi moja tu. Wengine hawaibi fedha za mtu yeyote. Huuza bidhaa zao hafifu wakijificha nyuma ya sifa ambazo mwingine amezijenga kwa miaka mingi.

Hata kampuni zenye mawakili wengi hazijasalimika. Mnamo Novemba 2022, mtandao wa Twitter, ambao sasa huitwa X, ulipoanza kuuza alama ya buluu ya uthibitisho kwa dola 8 kwa mwezi, mtu mmoja alifungua akaunti kwa jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly ya Marekani, akailipia alama hiyo na kutangaza kwamba insulini ingetolewa bure. Ujumbe huo ulikaa kwa saa kadhaa kabla ya kuondolewa, na kampuni ikalazimika kuwaomba radhi waliopotoshwa. Siku iliyofuata bei ya hisa zake ilishuka, ingawa hisa za kampuni nyingine za dawa nazo zilishuka siku hiyo.

Hapa Kenya, kosa kubwa la wafanyabiashara wadogo ni kudhani kwamba cheti cha usajili wa jina la biashara kinatosha. Cheti hicho, kinachotolewa na Idara ya Usajili wa Biashara, humruhusu mtu kufanya kazi kwa jina hilo. Hakimpi haki ya kipekee ya kulitumia sokoni. Haki hiyo hutokana na usajili wa alama ya biashara chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na mahali pa kuupata ni taasisi ya serikali inayosimamia mali ya ubunifu wa viwandani, KIPI, iliyoko South C jijini Nairobi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mwombaji huanza kwa kutafutiwa katika daftari la taasisi iwapo kuna alama nyingine inayofanana na yake. Kisha huchagua makundi ya bidhaa au huduma anazotaka zilindwe; yapo 45 katika mfumo unaotumiwa kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida la taasisi, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kuliwasilisha. Alama ikisajiliwa hulindwa kwa miaka 10 tangu siku ombi lilipowasilishwa, na inaweza kuhuishwa kila miaka 10 bila kikomo.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba si kila jina linasajilika. Anayeuza maziwa hawezi kutarajia kupewa umiliki wa maneno “Maziwa Safi”, kwa kuwa kila muuza maziwa ana haki ya kuyatamka. Jina la kubuni, lisiloeleza bidhaa, ndilo lenye nguvu zaidi. Aidha, usajili wa Kenya unafanya kazi Kenya tu. Anayeuza nje anaweza kutumia Itifaki ya Madrid, ambayo Kenya ni mwanachama wake tangu 1998, kuomba ulinzi katika nchi kadhaa kwa ombi moja.

Usajili huo hauzuii mtu mwingine kuchukua anwani ya tovuti yenye jina lilelile. Anwani hutolewa kwa anayetangulia kuomba. Zile zinazoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, ambalo lina utaratibu wake wa kusuluhisha migogoro nje ya mahakama. Kwa zinazoishia kwa .com na nyingine za kimataifa, upo utaratibu ulioanzishwa mwaka 1999 ambapo mlalamishi hupeleka kesi kwa wasuluhishi, wakiwemo wa Shirika la Ulimwengu la Mali ya Ubunifu lililoko Geneva.

Kesi ya kwanza kuamuliwa kwa utaratibu huo ilihusu mieleka. Mnamo Oktoba 1999 mwanamume mmoja huko Marekani alijitwalia anwani worldwrestlingfederation.com, na siku chache baadaye akataka kuiuzia kampuni yenye jina hilo kwa dola 1,000. Januari 2000 msuluhishi aliamuru anwani hiyo ikabidhiwe kampuni. Mlalamishi katika kesi kama hizo lazima athibitishe mambo matatu: kwamba anwani inafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyeichukua hana haki nayo, na kwamba aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Ada ya Geneva kwa kesi inayoamuliwa na msuluhishi mmoja imekuwa dola 1,500, fedha ambazo mwenye kibanda Gikomba hana haja ya kuzitumia iwapo angeilipia anwani hiyo mapema.

Nia mbaya ndiyo huzua ubishi. Uzi Nissan, mfanyabiashara wa kompyuta huko North Carolina, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa jina lake la ukoo. Kampuni ya magari ya Nissan ilimshtaki mwaka 1999, ikimdai mamilioni ya dola. Baada ya miaka mingi mahakamani, alibaki na anwani yake hadi alipofariki mwaka 2020. Ukubwa wa kampuni haukufuta ukweli kwamba jina lilikuwa lake pia, na kwamba alitangulia.

Upo mtego mwingine ulio karibu zaidi na nyumbani. Aghalabu mwenye biashara humwachia kijana anayemtengenezea tovuti kazi ya kusajili anwani, naye huisajili kwa jina na barua pepe yake mwenyewe. Wakikosana, tovuti huenda na kijana. Kulipia anwani, isitoshe, ni kama kupanga nyumba: kodi isipolipwa, mpangaji mwingine huingia. Mwaka 2003 Microsoft yenyewe ilisahau kuhuisha hotmail.co.uk, na mtu mwingine akaichukua kabla ya kuirejesha.

Je, jina likiwa tayari limetumiwa vibaya? Kabla ya kulalamika, ushahidi uhifadhiwe, kwa kuwa ukurasa bandia unaweza kufutwa kwa dakika moja. Picha za skrini zionyeshe anwani kamili, tarehe na nambari za malipo. Anayekusudia kwenda mahakamani akumbuke kwamba kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza jinsi zilivyopatikana. Ndipo apeleke malalamiko kwa mtandao husika; Facebook ina fomu maalumu ya alama za biashara, nayo huuliza nambari ya usajili. Hapo cheti cha KIPI huanza kurudisha gharama zake.

Kesi ya jinai nayo inawezekana. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 kinamwadhibu anayetumia mtandaoni, bila idhini, jina la biashara, alama au anwani ya mwingine: faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Malalamiko hupelekwa kwa wapelelezi wa DCI. Faini hiyo ni ndogo mno kwa tapeli aliyekwisha kuwapora watu makumi.

Kwa sababu hiyo, kinga iliyo karibu zaidi iko mikononi mwa mteja mwenyewe. Kabla ya kulipa kwa M-Pesa, jina la anayepokea hujitokeza kwenye simu. Duka linalotangaza katika kila ukurasa wake nambari moja tu ya malipo, pamoja na jina litakalojitokeza, humpa mnunuzi nafasi ya kugundua kasoro kabla hajakamilisha malipo.