Kinyozi Hajinyoi

Msomaji wangu, alfajiri moja ingia jikoni uguse sinia la shaba, kisha uguse ubao wa mbuzi ya kukunia nazi. Utaapa kwamba sinia ni baridi zaidi. Lakini vyote viwili vimelala chumba kimoja usiku kucha, na kipimajoto kitakwambia viko sawa. Sinia huchukua joto la kidole chako kwa haraka, ubao huchukua polepole, basi.

Sasa mwulize mwanafunzi wa uhandisi aliyekwisha kufaulu mtihani wa somo hilo la joto. Wako wengi watakaojibu kama sisi tusiosoma. Hesabu wamezipata, fahamu imebaki pale pale. Na mtu huyo ndiye atakayetujengea mitambo kesho.

Sisi tuliokaa jamvini chuoni twajua kwamba kuhifadhi ni jambo moja na kufahamu ni jambo la pili. Lakini mwalimu atajuaje lipi limeingia? Kinyozi hajinyoi.

Jambo hili liliwashughulisha walimu wa uhandisi huko Marekani. Kiangazi cha 2004, katika mji wa Golden, jimbo la Colorado, yalianza mafunzo ya wahadhiri wa uhandisi waliotaka kujua namna ya kuchunguza ufundishaji wao wenyewe. Yakarudiwa 2005 na 2006, kwa fedha za shirika la taifa la sayansi la nchi hiyo. Miongoni mwa walioyaongoza walikuwa Ruth Streveler na Karl Smith. Nia haikuwa kutoa hotuba tu, bali kujenga jumuiya: mhandisi akae na mtaalamu wa elimu na wa saikolojia, waulize swali moja pamoja.

Je, ilikuwa rahisi? Haikuwa. Maura Borrego aliwachunguza washiriki, na mwaka 2007 akaandika juu ya mambo matano yaliyowatatiza. Kwanza, kuunda swali litakalowafaa wengine, si darasa lao peke yake. Pili, kulisimamisha swali hilo juu ya nadharia. Tatu, kupima kitu kisichoshikika, kama vile kufahamu. Nne, kukubali kwamba mazungumzo na mwanafunzi nayo ni ushahidi, si tarakimu peke yake. Tano, kushirikiana na watu wa fani nyingine.

Ukiyatazama vizuri, yote hayo ni matatizo ya mjuzi anayerudi kuwa mwanagenzi. Aliyezoea kupima chuma, chuma hakimjibu. Mwanafunzi hujibu, na pengine humjibu mwalimu lile alitakalo mwalimu.

Hata hivyo, mbegu ilikwisha kupandwa. Mwaka huo huo wa 2004, vyuo vikuu vya Purdue na Virginia Tech vilianzisha idara za elimu ya uhandisi, ambamo namna ya kufundisha uhandisi ni fani yenye watafiti wake.

Nasi hapa pwani tuna walimu wa ufundi, wa hesabu na wa dini, kila mmoja na mlango wake umefungwa. Mwanafunzi akianguka, twasema mzito wa kichwa. Ni nani kati yetu atakayemwita mwenzake aje aketi nyuma ya darasa, kisha amwambie kweli aliyoiona? Na akiambiwa, asikasirike.