Injini iliyofungwa vibaya na kichwa kinachouma safarini

Tunduma. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda za Mbozi haina utani. Alfajiri, kuanzia mpakani hapa hadi Vwawa na Mlowo, wasafiri hupandisha vioo vya magari, watoto hufunikwa vitenge, na dereva mwenye hita huifungua.

Kwa magari mengi ya siku hizi hilo si tatizo, kwa sababu hita yake huchota joto kwenye maji yanayopoza injini. Volkswagen Beetle, lile gari lenye mgongo wa kobe ambalo baadhi ya familia bado wanalitunza na kulifufua, halina rejeta wala maji. Injini yake inapozwa kwa hewa ya feni, na joto la abiria linatoka kwenye injini yenyewe, jirani kabisa na moshi unapopita. Fundi akiishusha injini hiyo na kuifunga vibaya, familia inaweza kupata zaidi ya joto: hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi.

Katika matoleo mengi ya hadi mwishoni mwa 1962, hewa iliyokwisha kupita juu ya silinda na silinda hedi ndiyo iliyopelekwa ndani kuwapasha abiria. Hedi ikivuja, moshi una njia ya moja kwa moja. Kuanzia matoleo ya 1963, hewa ya hita ilianza kupitishwa kwenye makasha yanayozunguka mabomba ya moshi, ipate joto bila kuchanganyika na moshi. Ni ulinzi mzuri, mradi kutu haijatoboa bomba na gasketi za ekzosi hazijaungua. Kwa gari lenye umri wa miaka 50, hayo mawili si ya kudhaniwa, ni ya kuangaliwa.

Fundi aliyezoea Toyota anaweza kukosea kwenye kufunga hedi. Injini ya maji huwa na gasketi pana ya kuzuia maji, oili na moto visichanganyike. Hedi ya Beetle inakaa juu ya mdomo wa silinda chuma kwa chuma, na baadhi ya injini za zamani zina pete nyembamba ya chuma tu. Hapo silikoni haina kazi, maana moto wa ndani ya silinda huiunguza na kuacha mwanya. Kinachoziba ni usafi na usawa wa nyuso mbili. Mafundi wenye uzoefu hupaka dawa ya kusagia valvu kwenye mdomo wa silinda, wakaizungusha ndani ya hedi hadi ionekane alama ya duara isiyokatika, kisha wakaosha kila chembe. Duara likikatika mahali, hapo ndipo patakapovuja.

Kisha kuna kukaza. Kila hedi ina nati nane, na hazikazwi kwa nguvu za mkono wala kwa kufuatana kama vifungo vya shati. Hukazwa injini ikiwa baridi, kwa mpangilio wa kiwanda, kwanza kidogo na baadaye hadi kipimo cha mwisho, kwa spana yenye kipimo. Kwenye injini ya 1600 yenye bolti za milimita 10, kipimo hicho ni takriban nyutoni mita 31. Ni kidogo kuliko wengi wanavyotarajia. Anayekaza kwa kuning'inia kwenye spana huishia kung'oa bolti kwenye bloku, ambayo ni ya madini laini ya magnesi, na kazi nzima kurudi mwanzo.

Dalili za kuvuja zipo: mlio wa 'tsi tsi' injini inapovuta, masizi meusi pale silinda inapokutana na hedi, nguvu kupungua mlimani. Harufu ya oili inayoungua ndani ya gari mara nyingi hutokana na vizibo vya mpira vya mirija ya chini ya hedi. Yenyewe kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na hiyo ndiyo hatari yake.

Ikiingia mwilini, hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na ikizidi huchanganyikiwa na kupoteza fahamu. Nani katika mkoa huu hatasema ni malaria? Tofauti ni kwamba homa kwa kawaida haipo, watu waliopanda gari moja wanaugua pamoja, na wakishuka wakakaa nje wanapata nafuu. Mama mjamzito na watoto wadogo wako hatarini zaidi. Sumu hiyohiyo ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Anayeonyesha dalili hizo ashushwe haraka kwenye hewa ya wazi, injini izimwe, apelekwe kituo cha afya. Mhudumu aambiwe wazi kwamba alikuwa kwenye gari, kwa sababu tiba ni oksijeni na kipimo cha malaria hakitaonyesha chochote.

Injini za bodaboda nyingi nazo hupozwa kwa hewa, ila dereva wake yuko upepeni. Hatari kwao huwa gereji, pale injini inapojaribiwa ndani ya chumba kilichofungwa mlango kwa sababu ya baridi. Na fundi anayekwangua gasketi za zamani asizipulize kwa kompresa. Nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu, na vumbi lake huenda nyumbani na ovaroli, likafika kwa anayeifua.

Kwa mwenye Beetle iliyotoka kufungwa, makasha ya hita, gasketi za ekzosi na mpira unaozunguka injini viangaliwe kabla ya safari. Mpira huo ukikosekana, feni huweza kunyonya moshi kutoka chini na kuupeleka kwenye hita. Hadi hapo hita ibaki imefungwa, kioo kishushwe kidogo, watoto wavalishwe masweta.