Darasa la Nne: Je, Mtoto Anaelewa Anachosoma?

Leo nazungumza nawe mwenye mtoto Darasa la Nne. Usidanganyike na daftari lililojaa vema.

Mtaala ulioanza mwaka 2015 uliyapa madarasa mawili ya kwanza kazi kubwa tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia Darasa la Tatu masomo huongezeka, na hapo mtoto hutakiwa asome ili ajifunze. Aliyeachwa nyuma haelewi swali la sayansi, wala fumbo la hesabu. Mzazi hudhani mwanawe ni mzito wa hesabu, kumbe kikwazo ni kusoma.

Jaribu jioni hii. Mpe kitabu cha sayansi, asome aya moja ambayo bado hajafundishwa. Kifunge, kisha akueleze kwa maneno yake. Wapo wanaotiririka kama sisi watangazaji, lakini ukiwauliza maana wanakodoa macho tu.

Mwishoni mwa mwaka Baraza la Mitihani huendesha upimaji wa kitaifa, na asiyefaulu hurudia darasa. Wengi hukimbilia tuisheni mwezi Septemba. Kwa maoni yangu, hiyo ni fedha ya bure ikiwa mtoto hasomi kwa kuelewa. Kamwone mwalimu mapema, kabla ya likizo ya Juni. Usiulize mtoto amekuwa wa ngapi, uliza anasomaje.

Nyumbani asome kwa sauti dakika 15 kila siku, hata gazeti. Kama wewe hurudi usiku, dada yake wa sekondari anaweza kumsikiliza.