KWAHERI WAACHE, MBWA WA LIZABONI!

MWANAMUME mzima kumlilia mbwa? Najua msomaji wangu utacheka. Cheka tu, hapa mtaani Lizaboni wameshanicheka mpaka wamechoka.

Waache hakuwa mbwa wa kizungu. Alikuwa koko wa kawaida, sikio moja limesimama, jingine limelala doro. Alikuja na mpangaji wa chumba cha uani, jamaa aliyekuwa hapatani na majirani. Si mnajua mambo ya uswahilini? Mtu hataki ugomvi wa mdomo, anampa mbwa jina la mafumbo kisha anamwita kwa sauti ya juu, walengwa wasikie!

Usiku mmoja jamaa akahama kimya kimya, mbwa kamwacha. Siku tatu Waache alilala mlangoni pa kile chumba, hali, hanywi. Siku ya nne akanikuta nakula ugali kwa dagaa wa Nyasa. Nikamtupia vichwa vya dagaa, na biashara ikaishia hapo. Tumekaa miaka 11.

Alfajiri alinisindikiza mpaka barabarani, jioni alinisubiri palepale. Ile baridi ya Juni na Julai, Songea ikitetemeka, yeye alikuwa jikoni kajilaza kwenye jivu kama mzee wa ukoo. Mama jirani ni mtu wa swala tano, mbwa hamgusi kabisa. Lakini kila Ijumaa alimwekea mifupa ya pilau kwenye kopo, juu ya ukuta.

Wanaodhani natia chumvi wamuulize Mjapani. Hachiko, mbwa wa profesa mmoja wa Tokyo, alizoea kumpokea bwana wake stesheni ya Shibuya. Profesa alifariki Mei 1925. Hachiko akaendelea kwenda stesheni mpaka naye alipokufa, Machi 1935. Wajapani walimjengea sanamu akiwa bado hai!

Mwaka huu Waache alianza kuyumba. Tumboni uvimbe, miguu ya nyuma ikagoma. Washkaji wa kijiweni wakanishauri: "Mtilie sumu kwenye nyama, yaishe." Jamani! Mbwa wa sumu anakufa akitapatapa na povu mdomoni. Hayo ndiyo malipo ya miaka 11 ya ulinzi?

Nikamwita bwana mifugo. Aliniambia nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Kisha akaniuliza maswali matatu: Anakula? Anasimama? Akikuona anatikisa mkia? Mawili nilijibu hapana. La tatu nilishindwa kujibu, maana mkia ulikuwa unapiga sakafu wakati tunaongea.

Akanieleza kazi ya sindano ile. Ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa: mnyama anapoteza fahamu kwanza, halafu pumzi na moyo vinasimama. Nikamshika kichwa. Hakulia. Alinilamba kidole, akalala.

Nilichimba shimo la kina cha kiuno chini ya mparachichi, mbali na kisima, ili koko wengine wasije kumfukua. Mama jirani akaja na lile kopo mkononi. "Nilikuwa nimeshamwekea," alisema, akageuka haraka.

Sasa wewe kijana unayetaka mbwa, nisikilize. Kumlea ni pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Waache alichanjwa kila mwaka, ndiyo maana watoto wa mtaa mzima walimpanda mgongoni bila mtu kuogopa ugonjwa huo. Ukiumwa na mbwa usimkimbilie mganga: osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali upate chanjo siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kukuponya.

Na siku mbwa wako akizeeka, usimtupe jalalani au kumwachia watoto wa mtaa wampige mawe. Mwite mtaalamu, kaa naye mpaka mwisho. Aliyekulinda usiku wote anastahili mtu wa kumshika kichwa dakika tano.

Watakaocheka? Waache!