Je, Wajua? Sumaku, Maji na Kichwa Kinachosinzia

Je, wajua kwamba ukishuka Mikumi, ukaiacha barabara kuu ya Iringa na kukata kushoto kwenda Kidatu na Ifakara, njia hiyo ndiyo inayokufikisha Mahenge, ambako wenyeji wana aina ya kifafa wanayoiita "amesinzia kichwa"? Mtoto ameketi na sahani yake. Kichwa kinaangukia mbele, kinainuka, kinaanguka tena, kama cha abiria wa basi la usiku.

Je, wajua ubongo wa wagonjwa kama huyo ulionekanaje? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwachunguza wagonjwa 62. Kati yao 12 walipigwa picha za MRI, na 8 wakakutwa na hitilafu kwenye hipokampasi, sehemu inayosaidia kujenga kumbukumbu. Watafiti wanauhusisha ugonjwa huu na usubi, na usubi si mgeni wilayani Kilosa, iliko Mikumi.

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Inatumia maji yaliyomo mwilini mwako! Sumaku hupanga viini vya haidrojeni vya maji hayo, mawimbi ya redio huvitikisa, navyo vikirudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza picha. Sumaku ya tesla 1.5 inaishinda ile ya dunia, inayogeuza dira, kwa makumi ya maelfu ya mara. Ndiyo maana mlangoni unaulizwa kama una chuma mwilini. Usifiche hata pini.

Wajua kwamba Peter Mansfield, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 pamoja na Paul Lauterbur kwa kazi ya MRI, aliacha shule akiwa na miaka 15? Alirudi kusoma, akapata shahada ya uzamivu, kisha akaenda Illinois, Marekani, kuendelea kujifunza utafiti pamoja na wenzake. Hatua hiyo ya baada ya uzamivu ndiyo inayomkomaza mtafiti, na ndiyo natamani vijana wetu waipate hapahapa, karibu na magonjwa yetu.

Na wajua mgonjwa wa kwanza wa mtafiti wa MRI ni nani? Mara nyingi ni chupa ya maji. Picha ya chupa ikitoka imepinda, mtu haingii.

Mashine kubwa za Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ziko karibu kilomita 300 kutoka Mikumi. Sasa itazame Mbarara, Uganda. Dkt. Johnes Obungoloch na wenzake wa huko, pamoja na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walitaka mashine ndogo itakayowafaa watoto wenye vichwa vikubwa. Vipuri na zana vililetwa kwa ndege. Vipande vya sumaku vilichambuliwa kimoja kimoja, vikajazwa kwenye pete 23. Nguvu ya sumaku hiyo ni tesla 0.05 tu, lakini haihitaji heliamu ya kuipoza. Wakufunzi walikuwa wanne, na wajenzi wengine sita hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Tangu mzigo ufike hadi picha ya kwanza itoke, zilipita siku kama 11.