Je, Wajua? Mfupa, Gundi na Upanga Katika Historia ya Haki za Wanawake

Somo la haki za wanawake likianza na orodha ya miaka, darasa husinzia. Mwalimu, jaribu kuanza na vitu hivi.

Ombi lenye urefu wa mita 270

Mwaka 1893 wanawake wa New Zealand walipeleka bungeni ombi la kupewa haki ya kupiga kura lenye urefu wa mita 270, zaidi ya viwanja viwili na nusu vya mpira! Kate Sheppard na wenzake walikusanya saini nchi nzima, wakaunganisha karatasi zaidi ya 500 kwa gundi, wakaziviringisha kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge John Hall alipolikunjua ombi hilo katikati ya ukumbi, mpini ulibingirika mpaka ukagonga ukuta wa mwisho kwa kishindo. Septemba mwaka huohuo New Zealand ikawa nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake kura ya wabunge, Wamaori wakiwemo. Wape wanafunzi gundi na magazeti ya zamani, wajaribu kufikisha mita hizo uwanjani. Mikono itachoka mapema, na maswali yataanza yenyewe.

Binti wa Sultani alijifunza kuandika kwenye mfupa wa ngamia

Zanzibar ya karne ya 19, mabinti wa jumba la Sultani Seyyid Said walifundishwa kusoma Kurani, lakini kalamu hawakupewa. Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844, alijifundisha kwa siri: alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akanakili herufi za msahafu moja baada ya nyingine. Mwaka 1886 kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa Ujerumani, naye wakati huo akiitwa Emily Ruete. Kila anayetaka kujua maisha ya ndani ya majumba yale bado anaanzia kwake.

Upanga ulikuwa kitambulisho cha mpiga kura

Katika jimbo la Appenzell Innerrhoden, Uswisi, wanaume walikusanyika uwanjani kupiga kura kwa kunyoosha mikono, na upanga kiunoni ulitosha kuonyesha kwamba mtu ana haki hiyo. Mwaka 1990, naam, 1990, walikataa tena kuwaruhusu wanawake! Novemba mwaka huo mahakama ya juu ya nchi ikawalazimisha. Hata kura ya taifa, mwanamke wa Uswisi aliipata 1971 tu, ilhali mwenzake wa Tanzania alikwishachagua mbunge katika uchaguzi wa 1965.

Ngoma ya lelemama iliijaza TANU wanachama

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU, hakuanzia ofisini. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, basi aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kama vile vya lelemama. Vikundi hivyo tayari vilikuwa na uongozi, michango na sare, na habari ilienea mtaa kwa mtaa. Wanawake wakajiunga kwa maelfu. Mimi ningemweka Bibi Titi katika somo la kwanza kabisa, na bibi wa mwanafunzi yeyote aliyewahi kucheza lelemama ningemwalika darasani.

Barua ya mama iligeuza kura ya bunge

Agosti 1920 jimbo la Tennessee lilikuwa likiamua iwapo wanawake wa Marekani wataingizwa katika katiba kama wapiga kura. Harry Burn, mbunge mwenye miaka 24, alivaa waridi jekundu, alama ya wapinzani. Lakini mfukoni alikuwa na barua ya mama yake, Febb, iliyomsihi aunge mkono. Jina lake lilipoitwa, akasema ndiyo, na marekebisho ya katiba yakapita. Hata hivyo, mwalimu asiishie hapo: katika majimbo ya kusini wanawake weusi waliendelea kuzuiwa kwa kodi, mitihani ya kusoma na vitisho, mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965.